Nasaba ya Miito

Yako maandishi ambayo hayakuandikwa ili mtu ayasome kwa starehe yake, na kwa hiyo hatokei mhakiki wa kuyatazama. Stakabadhi za duka ni mojawapo. Daftari la mahudhurio ni jingine. Mimi leo nataka kuyahakiki maandishi ya jamii hiyo ambayo nimeishi nayo kwa miaka mingi: majaribio yanayotumika kuipima programu iitwayo GDB, na hasa yale machache yanayochunguza kama programu hiyo inazitambua dibaji za fanksheni, na kama inaweza kulifumua rundo la miito bila kutuambia uongo. Nayahakiki kwa sababu ni maandishi mazuri, pengine kupita walivyokusudia walioyaandika. Nayahakiki pia kwa sababu mojawapo lilinifunulia kosa nililomtendea mtu, na tangu siku hiyo siwezi kulisoma kama mtu asiyehusika.

Msomaji asiyekuwa wa kazi hii aniwie radhi, nitaanza mbali kidogo.

GDB ni kitatuzi, yaani programu ya kuichungulia programu nyingine inapokwenda, au inapokuwa imekwisha kufa. Richard Stallman aliiandika mwaka 1986 katika mradi wa GNU, na hata leo ingali mikononi mwa watu duniani kote. Sasa, programu yoyote ni mkusanyiko wa vipande vidogo vya kazi ambavyo sisi huviita fanksheni. Fanksheni moja huiita nyingine, hiyo nayo huiita ya tatu, na kila moja ikimaliza hurudi kwa ile iliyoiita. Ili irudi ni lazima ijue pa kurudi. Kwa hiyo kila mwito unapofanyika, anwani ya kurudia huwekwa juu ya rundo, kama sahani zinavyopandishwa moja juu ya nyingine siku ya shughuli. (Katika kompyuta nyingi rundo hilo hukua kuelekea chini, lakini hilo tuliache.) Programu inapokufa, swali la kwanza la fundi ni hili: nani alimwita nani? Kitatuzi hujibu kwa kutoa orodha ya miito, kuanzia fanksheni iliyofia njiani hadi ile ya kwanza kabisa, ambayo kwa desturi huitwa main. Mimi huiita orodha hiyo nasaba, kwa maana husomwa vilevile: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa babu.

Ugumu ni kwamba nasaba hiyo haikuandikwa mahali popote ikiwa kamili. Kitatuzi huipata kwa kufumua, kama mtu afumuavyo ukili wa mkeka akiwa ameshika ncha moja tu. Ncha yenyewe ni dibaji. Katika vichakataji vya Intel vya biti 32, fanksheni iliyolelewa vizuri huanza kwa amri mbili: kwanza huihifadhi juu ya rundo rejista iitwayo ebp, ambayo ina alama ya fremu ya yule aliyeiita, kisha hukinakili kilele cha rundo kiwe ndicho alama yake yenyewe. Baiti 3 tu, kazi imekwisha. Baada ya hapo, anayeijua ebp anajua pa kuikuta ebp ya mama yake, na jirani yake kabisa ipo anwani ya kurudia, na kutoka kwa mama atafika kwa bibi. Lakini kitatuzi kikisimamishwa kabla baiti hizo 3 hazijamalizika, ebp ingali ni ya mama, na ukiifuata kama kwamba ni ya mtoto utaruka kizazi kizima bila kujua. Ndiyo maana ukiiomba GDB isimame kwenye fanksheni fulani, haisimami kwenye baiti ya kwanza. Huiacha dibaji ipite kwanza, ndipo isimame. Anayeanza kazi hii hushangaa kwa nini. Akisimamishwa mapema, thamani anazoonyeshwa zinaweza kuwa takataka tupu, naye ataamini kuwa programu yake ndiyo mbovu.

Majaribio ninayoyasema huendeshwa na mtambo uitwao DejaGnu, uliojengwa juu ya lugha ya Tcl na nyongeza yake iitwayo Expect. Kazi ya mtambo huo ni kujifanya mtu. Huketi mbele ya GDB, huandika amri kama ambavyo ningeandika mimi, husubiri jibu, kisha hulilinganisha na sampuli. Likifanana, jaribio limefaulu, lisipofanana, limeshindwa. Lakini zipo hukumu nyingine ambazo mimi nazipenda kuliko hizo mbili. Kuna kushindwa kunakotarajiwa, ambako lawama ni ya mazingira. Kuna kushindwa kunakojulikana, ambako lawama ni ya GDB yenyewe, na namba ya hitilafu hutajwa papo hapo bila haya. Kuna jaribio ambalo halikufanyika kwa sababu haikuwezekana. Nimefanya kazi katika ofisi ambazo taarifa zake zilikuwa na hukumu moja tu, ya kufaulu. Nathubutu kusema kuwa mtambo huu una adabu kuzishinda.

Nianze na faili liitwalo i386-prologue. Ndani yake zimo fanksheni kadhaa ambazo hazifanyi kazi yoyote ya maana. Hazijumlishi, hazichapishi, hazihifadhi kitu. Zimeandikwa kwa mkono, amri kwa amri, kwa lugha ya asembli, ili kitatuzi kizikute zilivyo. Ya kwanza inaitwa standard, nayo ni dibaji ya kawaida kabisa: amri zile mbili, rejista moja zaidi ikahifadhiwa, kisha amri ya kujisimamisha, ambayo ni baiti moja. Programu ikisimama hapo, GDB huulizwa maswali mawili. Uko katika fanksheni gani na imeitwa na nani? Na zile rejista za mwitaji zimehifadhiwa wapi? Swali la pili ndilo la werevu. Mtu anaweza kubahatisha jina. Kubahatisha mahali ilipohifadhiwa rejista ni vigumu zaidi.

Ya pili inaitwa gdb1253, nayo ndiyo niipendayo. Kati ya zile amri mbili za dibaji imeingizwa amri ya tatu isiyohusiana nazo hata kidogo: inaifuta rejista ecx iwe sifuri. Mbona pale? Kwa sababu kompaila zinazotafuta kasi huzichanganya amri ili kichakataji kisikae bure, na katika kuchanganya huko amri ya kazi hujipenyeza ndani ya dibaji. Ni kama mtu aliyepiga hodi, akakohoa, ndipo akaamkia. Kitatuzi kisichojihadhari kikisikia kikohozi kitadhani mtu huyo hakumaliza kubisha, na kitamrudisha mlangoni. Katika mistari isiyozidi kumi mwandishi amelileta tatizo zima, bila neno la ziada, na sioni ambalo ningelipunguza.

Baada ya hizo kuna gdb1338, ambayo haina alama ya fremu kabisa; inahifadhi rejista tatu na kusimama, na kitatuzi inabidi kihesabu chenyewe rundo limeshuka kiasi gani. Kuna nyingine ambayo dibaji yake ni ya kawaida lakini amri ya kwanza ya mwili wake ni kuruka. Hapo kinachopimwa ni kama kitatuzi, katika pupa yake ya kuipita dibaji, kitaufuata mruko huo na kukipita hata kile kilichotakiwa kuonekana. Jaribio hilo linapima kiasi, siyo ujuzi, na majaribio ya namna hiyo ni adimu.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni majina. gdb1253, gdb1338, gdb1718: hizo ni namba za taarifa za hitilafu. Mtu fulani siku fulani aliumizwa na kitatuzi, akaandika malalamiko, malalamiko yakapewa namba, hitilafu ikarekebishwa, na jaribio likabaki likiitwa kwa namba ile. Nani aliumizwa, na alikuwa akitafuta nini? Faili halisemi. Kila ninapolisoma naona kama napita kwenye makaburi ambayo juu yake kumechomekwa vibao vya namba tu. Sidai kila jaribio lisimulie hadithi. Sentensi moja ingetosha kuonyesha hasara iliyotokea.

Kasoro ya pili husemwa na wengi, nami siikubali sawasawa. Husemwa kwamba dibaji zilizoandikwa kwa mkono ni picha za kompaila za zamani, na kwamba kitatuzi kinafaulu mtihani ambao maswali yake hayaulizwi tena na maisha. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hebu tutazame upande wa pili. Kama fanksheni zile zingeandikwa kwa lugha ya C na kuachiwa kompaila izitafsiri, mwaka unaofuata kompaila ingezitafsiri kwa namna nyingine, kile kikohozi kingetoweka, na jaribio lingeendelea kufaulu kila siku huku halijaribu kitu. Hiyo ni hasara kubwa kuliko uzee. Aliyeandika kwa mkono alilikausha jani na kulibandika kwenye daftari; halitaota tena, lakini halitageuka kuwa jani jingine usiku watu wakiwa wamelala. Aidha, majaribio hayakukoma hapo. Limo moja jipya zaidi ambalo huitembeza fanksheni amri moja moja, kuanzia baiti ya kwanza ya dibaji hadi amri ya kurudi, na katika kila hatua huuliza nasaba upya: je, bado unamjua aliyekuita? Fanksheni yenyewe imetoka kwa kompaila, jinsi itakavyokuja. Hayo mawili yakikaa pamoja, lawama inapungua sana.

Nimelichelewesha makusudi jaribio lililonileta hapa. Faili lake huitwa i386-unwind, nalo ni fupi hata kuliko lile la kwanza. Kuna fanksheni iitwayo gdb1435. Inaanza kwa dibaji ya kawaida, kisha inaiita fanksheni nyingine ya kujisimamisha, na hapo ndipo mwisho. Haina tamati. Haina amri ya kurudi. Mara tu baada ya ule mwito, baiti inayofuata ni baiti ya kwanza ya main.

Nani ataandika fanksheni isiyorudi? Kompaila huziandika kila siku. Ukimwambia kwamba fanksheni fulani ikiitwa hairudi, mathalani ile ya kuiua programu kwa makusudi, naye akaona mwito huo ndio wa mwisho, hataandika chochote baada yake. Ya nini kuandika kitakachokuwa hakifikiwi? Lakini kichakataji hakijui hayo. Kwa desturi yake kinaweka juu ya rundo anwani ya amri inayofuata mwito, iwe itarudiwa au haitarudiwa. Na amri inayofuata, kwa kuwa fanksheni imekwisha, ni ya jirani. Kitatuzi kikiichukua anwani ile na kuuliza ni mali ya nani, kitajibiwa kuwa ni mali ya jirani, nacho kitamwandika jirani katika nasaba ambayo hakuzaliwa ndani yake. Dawa yake ni ndogo mno: kabla ya kuuliza, toa moja. Anwani ya kurudia ukiipunguza moja inaangukia ndani ya amri ya mwito yenyewe, na amri hiyo kwa hakika ni ya mwitaji.

Mwaka 2009 nilikuwa sijui kutoa moja. Nilikuwa nimeandika kifaa changu mwenyewe, kidogo, cha kuandamana na programu tuliyoifunga katika mashine zisizo na nafasi kubwa. Programu ikifa, kifaa kilizifuata alama za fremu moja baada ya nyingine, kikaokota anwani za kurudia, kikazitafutia majina na kuyaandika. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, kompaila iliamriwa ibane kila kitu, hata ile nafasi tupu ambayo kwa kawaida huachwa kati ya fanksheni na fanksheni haikuwepo. Nilikuwa na fahari na kifaa hicho. Siku programu ilipoanza kufa mikononi mwa mteja, niliichapa nasaba kwenye karatasi na kuingia nayo mkutanini. Kizazi cha tatu kilikuwa na jina la fanksheni iliyoandikwa na kijana mmoja ambaye alikuwa na miezi michache tu kazini.

Aliichukua karatasi akaitazama kwa muda.

"Mzee, naomba kuuliza. Mbona hapa pameandikwa sifuri?"

Mbele ya jina la fanksheni kifaa changu huandika ni baiti ya ngapi tangu mwanzo wake. Pale paliandikwa jina, alama ya kujumlisha, na sifuri.

"Maana yake ni mwanzoni kabisa mwa fanksheni yako," nikamjibu.

"Lakini, Mzee, mwanzoni kabisa kunakuwa hakujaitwa kitu bado. Itarudije pale?"

Nikamwambia kuwa karatasi haina chuki na mtu. Wenzetu walicheka. Aliondolewa kwenye kazi ile, akapewa ya kupanga kumbukumbu za zamani, na mwaka haukuisha akaondoka.

Vizazi vingine vyote katika karatasi ile vilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonidanganya, nalo ndilo linalolifanya jaribio la gdb1435 kuwa zito kuliko linavyoonekana. Nasaba iliyoharibika yote haimdhuru mtu, maana kila mmoja anaiona kuwa ni upuuzi na kuitupa. Inayodhuru ni ile yenye jina moja la bandia kati ya majina tisa ya kweli. Nilipolisoma jaribio hilo miaka kadhaa baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilifika kwenye mstari ambapo main inafuata mara tu baada ya mwito, nikasimama. Karatasi ya mwaka ule ilikuwa ingali katika jalada. Nikatoa moja, nikatafuta jina upya. Fanksheni iliyotangulia ile ya kijana ilikuwa yangu: ilikagua urefu wa ujumbe, na urefu ukizidi iliiua programu kwa makusudi, na mwito huo ulikuwa wa mwisho wake.

Nilimtafuta. Nilipompata kwenye simu nilimweleza yote, na juu ya kutoa moja, na juu ya kompaila, maneno mengi kupita yaliyohitajika. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ile sifuri mimi niliiona, Mzee." Kisha akaniuliza habari za watoto.

Narudi kwenye uhakiki. Mtu anaweza kudhani kuwa sasa tumepata kanuni: siku zote toa moja. La hasha. Mfumo wa uendeshaji unaweza kuikatiza fanksheni popote pale, hata kwenye baiti yake ya kwanza kabisa, ili kuipelekea ishara fulani. Hapo anwani iliyohifadhiwa haikutokana na mwito, ni mahali halisi ilipokatizwa. Ukitoa moja hapo utaangukia kwa jirani wa nyuma, nawe utakuwa umemzulia mwingine kwa dawa ileile uliyomponyea wa kwanza. GDB hutofautisha: ikiwa kizazi kilichokuja baada ya fremu hii ni mwito wa kawaida, hutoa moja, ikiwa ni ishara, haitoi. Katika faili la i386-unwind huoni dokezo lolote la jambo hilo. Mwenye kulisoma peke yake atatoka na nusu ya elimu, na mimi nimekwisha kueleza nusu ya elimu inafanya nini mkutanini.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ya kale, maana siku hizi kitatuzi hakikisii. Ni kweli kwamba tangu toleo la 2 la mfumo wa DWARF, la mwaka 1993, kompaila inaweza kuandika ndani ya faili la programu majedwali yanayoeleza, kwa kila anwani, fremu inaanzia wapi na kila rejista imehifadhiwa wapi. Penye majedwali GDB huyafuata hayo kwanza. Yasipokuwepo ndipo hurudi kuisoma dibaji kwa macho. Majedwali hayo ndiyo yaliyowapa watu ujasiri wa kuiacha ile alama ya fremu, ili rejista moja zaidi ipatikane kwa kazi, na katika vichakataji vya biti 64 vya jamii ya x86 kuiacha kukawa ndiyo desturi. Lakini jedwali nalo limeandikwa na programu, na programu hukosea. Fanksheni zilizoandikwa kwa mkono mara nyingi hazina jedwali, au lipo na si la kweli. Tena, kuyasoma majedwali kunachukua muda, na wanaopima mwendo wa programu nzima huhitaji nasaba mara nyingi kwa kila sekunde moja. Kwa sababu hiyo Fedora 38, mwaka 2023, ilirudi kuzijenga programu zake zikiwa na alama ya fremu, na Ubuntu 24.04 ikafuata mwaka 2024. Nilipozisikia habari hizo nilicheka peke yangu. Dibaji ya amri mbili, ambayo wengi walikwisha kuipigia kanzu ya sanda, imerudi na kuketi sebuleni.

Kasoro ninayoiona kuwa ndiyo kubwa si ya majina wala ya uzee. Ni hii: mengi ya majaribio ninayoyajua humtaka mtahiniwa atoe jina sahihi, na ni machache mno yanayomtaka aseme "sijui" pale ambapo kweli hajui. GDB inayo maneno ya kusema hivyo. Isipolipata jina la fanksheni huandika alama mbili za kuuliza. Ikiona kuwa fremu ya mama ni ileile ya mtoto, au kwamba mama yuko upande wa rundo asikoweza kuwa, huacha kufumua na kusema kuwa imeacha, na kwenye mabano huuliza kama rundo limeharibika. Nimeisoma alama hiyo ya kuuliza mara nyingi sana na sikuichoka. Mwandishi wa programu angeweza kuweka nukta, naye akaweka kiulizo. Lipo pia jaribio ambalo jedwali hutangaza waziwazi kwamba anwani ya kurudia haipo, na GDB hutakiwa kukomea hapo. Ni zuri, ila pale ujinga umetangazwa na jedwali. Kitatuzi kinatii tu. Mimi nataka lile ambalo jedwali hakuna, dibaji imevurugika, njia ya kubahatisha iko wazi na ushahidi hautoshi, na mtahiniwa anafaulu kwa kunyamaza. Watu wa kazi watanijibu kuwa jaribio kama hilo ni gumu kuliandika, kwa maana kila kitatuzi kinavyozidi kuwa hodari ndivyo mpaka wa ujinga wake unavyosogea, na jaribio litashindwa siku kitakapojifunza. Nakubali kuwa ni gumu. Lakini litakaposhindwa kwa sababu hiyo, mtu atalifungua, atalisoma, na ataamua tena mpaka uko wapi.

Kile kifaa changu bado ninacho. Sasa kinatoa moja panapostahili na hakitoi pasipostahili, na kimewekewa majaribio manne, matatu kati yake yakiwa nimeyaiga kutoka yale niliyoyaeleza. La nne ni langu: fanksheni isiyo na dibaji, rundo lake likiwa limejazwa namba zinazofanana na anwani halali bila ya kuwa anwani, na jibu linalotakiwa ni alama mbili za kuuliza. Kifaa hakijafaulu hata mara moja. Kila kikifika hapo kinaandika jina la mtu. Nimelisajili kuwa ni kushindwa kunakojulikana, na kwa kuwa nimewalaumu wenzangu kwa kuyaita majaribio yao namba, la kwangu nimeliita sifuri, pamoja na sentensi moja juu yake inayoeleza ni kwa nini.